Stockholm kwa Tiketi ya Basi

Hukumu naitoa mwanzoni kwa sababu siwezi kuibana hadi ukurasa wa mwisho: Stockholm ni mji mtamu kupita kiasi, na sehemu kubwa ya utamu wake haiuzwi kwenye vibanda vya watalii. Imo ndani ya tiketi ya basi! Tiketi ileile anayokata karani wa benki akiwahi kazini. Gusisha kadi yako kwenye mashine ya getini, zikatwe krona arobaini na kitu, na kwa dakika 75 zinazofuata ni ruhusa kupanda basi, tramu, treni ya chini ya ardhi na, hapa ndipo nilipoanza kucheka peke yangu, kivuko kinachokatiza bandari ya mji mkuu wa Uswidi.

Mji wenyewe umekaa juu ya visiwa 14, pale ziwa Mälaren linapomwagikia bahari ya Baltiki. Simama darajani karibu na jumba la mfalme: nyuma yako maji baridi ya ziwa, mbele yako maji chumvi ya bahari, na chini ya miguu mkondo unaokwenda mbio. Nilifika Juni, msimu ambao jua huzama baada ya saa nne usiku na ikifika saa tisa na nusu limeshachomoza tena. Kati ya hapo giza halifungi kabisa. Mbingu inabaki samawati iliyokolea, watu wako nje, vijana wanaogelea, na mgeni hana kisingizio cha kwenda kulala. Siku moja ya mapumziko inakupa saa za siku mbili!

Omo ya kivuko ndiyo kiti cha mfalme

Kivuko namba 82 kinaondoka Slussen na kuelekea Djurgården, kisiwa cha starehe na makumbusho. Usiingie ndani. Kaa nje, upande wa omo, upepo ukupige usoni. Kulia kwako unasimama ukuta wa mwamba wa Södermalm, nyumba zimepangana juu yake hadi ukingoni kabisa. Kushoto kinapita kisiwa cha Skeppsholmen, na pembeni mwake imefungwa af Chapman, meli nyeupe ya matanga iliyoundwa mwaka 1888, ambayo leo ni hosteli: watu wanalala humo kwa bei ya kitanda! Kisha unasikia mayowe. Si ajali. Ni abiria wa bembea kubwa za Gröna Lund, uwanja wa michezo uliofunguliwa mwaka 1883, uliobanwa kwenye kijieneo kidogo ukingoni mwa maji hadi reli zake zinapishana juu ya vichwa vya watu. Uwanja huohuo ndio ambao Bob Marley aliujaza mwaka 1980 kwa watu wapatao 32,000. Mwendo mzima ni wa dakika chache, na niliporudi gatini jioni nilikipanda tena bila kuwa na pa kwenda.

Vasa: hapa chukua muda wako wote

Makumbusho ya Vasa yana kitu kimoja tu, na kimoja hicho kinatosha: manowari nzima ya mbao ya mwaka 1628. Unaingia ukitoka juani, macho yanahangaika na giza la ukumbi, halafu tezi inakutokea juu ya kichwa. Jamani! Kuna simba, wapiganaji wa Kirumi, nguva, wafalme wa kale, mamia ya sanamu na nakshi zilizochongwa kwa mkono, ghorofa juu ya ghorofa. Meli ina urefu wa meta 69 pamoja na mlingoti wake wa mbele uliolala, na zaidi ya asilimia 98 ya mbao unazoziona ni zilezile walizopigilia mafundi wa karne ya 17. Jumba limejengwa kuizunguka, kwa hiyo unaitazama kuanzia mkukuni, unapanda ngazi, unaitazama usawa wa mizinga, unapanda tena, unaitazama kutoka juu. Kila ghorofa ni meli mpya.

Na kisa chake! Mfalme Gustav wa Pili Adolf alikuwa vitani na Poland na alitaka chombo cha kuwatia watu hofu: mizinga 64, katika safu mbili. Fundi mkuu, Mholanzi Henrik Hybertsson, alifariki kabla kazi haijaisha. Kabla ya safari walifanya jaribio: mabaharia thelathini wakakimbia kwa pamoja kutoka ubavu hadi ubavu, na meli ikayumba vibaya hadi amiri akaamuru waache. Kila mmoja aliona, hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme. Farumi haikutosha, na kuongeza farumi kungeshusha matundu ya mizinga karibu mno na maji. Tarehe 10 Agosti 1628 watu wakajaa ufukoni kushangilia. Meli ikaenda meta zipatazo 1,300, upepo ukaisukuma, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyoachwa wazi, na ikazama mbele ya mji mzima. Watu wapatao 30 walikufa. Wahenga wa pwani walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki kilianza kuzama kikiwa bado chelezoni.

Lakini fundi yeyote wa majahazi, awe wa Lamu, Nungwi au Bagamoyo, atakuwa na swali jingine kabisa: minyoo ya baharini ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Katika maji yetu ubao usiopakwa deheni hutobolewa ukawa chujio. Hapo ndipo penye siri. Baltiki ina chumvi hafifu mno, na minyoo wale hawawezi kuishi katika maji ya Stockholm. Mtafiti Anders Franzén alilijua hilo, ndiyo maana alizunguka bandari kwa miaka akishusha kifaa chake cha kunyofoa vipande vya mbao, na mwaka 1956 kikamrudishia kipande cheusi cha mwaloni. Tarehe 24 Aprili 1961, baada ya miaka 333 chini ya maji, Vasa ilitokeza juu. Ubao uliolowa karne tatu ukikauka ghafla hupasuka, kwa hiyo waliinyunyizia polietilini glikoli kwa miaka 17 ili kemikali hiyo ichukue nafasi ya maji ndani ya mbao. Fikiria subira hiyo! Na zile nguzo ndefu zilizochomoza kwenye paa la jumba zipo kuonyesha milingoti ilifika wapi: meta 52 kutoka mkukuni.

Kiingilio kipo, tena si cha tiketi ya basi. Lipa. Fika mlango ukifunguliwa, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu.

Mwendo wa miguu kutoka hapo iko Skansen, makumbusho ya wazi aliyoyaanzisha Artur Hazelius mwaka 1891, miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya aina yake duniani. Alizing'oa nyumba za wakulima kutoka kila pembe ya Uswidi, akazisimika upya juu ya kilima kimoja. Ndani yake mafundi wanapuliza vioo na kuoka mikate, na upande wa wanyama kuna dubu, mbwa mwitu, na kongoni wa kaskazini wenye pembe pana za kutisha. Watoto watakuganda wasitake kutoka.

Shuka chini, kuna jumba la sanaa

Treni ya chini ya ardhi! Nilidhani watu wanatia chumvi. Zaidi ya stesheni 90 kati ya 100 zina kazi za sanaa, na hakuna mlinzi wala kamba ya kukuzuia. Ukiwa ndani ya geti unashuka, unatazama, unapanda treni inayofuata, unashuka tena, mradi dakika zako hazijaisha. Stesheni zilizo kina kirefu zililipuliwa kwenye mwamba, zikanyunyiziwa zege, zikaachwa na matuta na mabonde yake. Matokeo yake ni mapango yaliyopakwa rangi.

Anzia Kungsträdgården, stesheni ya mwisho wa laini ya buluu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1977. Ulrik Samuelson aliijaza masalia ya mawe na sanamu za jumba la kifahari lililoungua karne ya 19 juu ya ardhi ileile. Maji yanachuruzika kwenye mwamba, na humo wataalamu walimkuta buibui mdogo ambaye nchini Uswidi hakuwa anajulikana kwingine. Stesheni ya treni yenye buibui wake! Inayofuata ni T-Centralen: matawi ya buluu ya Per Olof Ultvedt, ya mwaka 1975, yanatambaa kwenye dari nyeupe. Ukitafuta vizuri utaona ukutani vivuli vya watu waliopanda ngazi na kushika nyundo. Hao ni wafanyakazi waliojenga stesheni, wakachorwa humohumo kazini kwao. Nilisimama pale treni kadhaa zikapita. Ni miji mingapi inayowakumbuka wachimbaji wake pale pale walipochimba?

Endelea hadi Solna centrum. Dari ni nyekundu ya machweo, chini yake msitu wa kijani, na ndani ya msitu kuna picha za Uswidi ya miaka ya 1970: vijiji vinavyohamwa, miti inayokatwa, viwanda vinavyotapika. Kumbe ugomvi wa mazingira walikuwa wanaubishania ukutani mwa stesheni tangu wakati huo. Ukipanda ngazi za umeme pale unahisi unatoka katika moto. Ukibaki na muda, badili laini nyekundu ufike Stadion uone upinde wa mvua uliochorwa juu ya mwamba wa samawati, karibu na uwanja wa Olimpiki ya 1912.

Mji wa kale na jina la mtu wetu

Gamla Stan, mji wa kale, utaupenda kwa macho. Vichochoro vimepinda, kuta ni za rangi ya haradali na kutu, na kimoja, Mårten Trotzigs gränd, kina upana wa sentimeta 90 pale kinapobana zaidi. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa hatashtuka, lakini atatabasamu. Nenda mapema asubuhi, mchana maduka ya kofia za Viking zenye pembe yanauharibia sura.

Katika uwanja wa Stortorget limo jengo la karne ya 18 lililokuwa soko la hisa. Chini ni Makumbusho ya Tuzo ya Nobel, ambapo picha za washindi wote zinazunguka juu ya kichwa chako zikining'inia kwenye waya. Juu ni makao ya Chuo cha Uswidi, ambacho ndicho kinachochagua mshindi wa fasihi, na ndani ya jengo hili, tarehe 7 Oktoba 2021, lilisomwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Nobel ya fasihi. Mwaka ule korona ilizuia karamu, na medali akakabidhiwa London. Lakini jina lilitamkwa hapa! Nilikaa benchi la uwanjani nikiutazama mlango ule kwa fahari ambayo sikuifanyia kazi yoyote.

Karamu yenyewe ya kila Desemba huandaliwa katika Jumba la Jiji, ng'ambo ya maji, lililofunguliwa mwaka 1923. Ndani huingii bila kiongozi, na ni sawa, kwa sababu peke yako ungepigwa bumbuwazi kwenye Ukumbi wa Dhahabu: kuta zake zimefunikwa kwa vipande vya mosaiki zaidi ya milioni 18. Mnara una meta 106, na wakati wa kiangazi unaweza kuupanda.

Maji ni ya kila mtu

Sasa sikia hili. Mbele ya Bunge na jumba la mfalme, pale ziwa linapokimbilia baharini, watu wanavua samaki. Kwa ndoano, katikati ya mji mkuu, bila leseni! Haki hiyo inarudi hadi enzi za Malkia Kristina, mwaka 1636, na jiji hupandikiza samaki ili isiwe haki ya kutazamia maji matupu. Mzee mmoja aliyevaa koti la kazi alikuwa amesimama pale, mabasi yanapita nyuma yake, akitegemea kupata samoni wa chakula cha jioni. Ningependa kuona bandari zetu kubwa zikijaribu.

Kuogelea ni hivyohivyo. Långholmen kilikuwa kisiwa cha gereza hadi mwaka 1975. Leo wafungwa hawapo, vyumba vyao vinakodishwa kwa wageni, na ufukoni watu wametandaza taulo wakiutazama mnara wa Jumba la Jiji. Maji ni safi, jambo ambalo miaka ya katikati ya karne iliyopita lisingewezekana. Waliwekeza kusafisha majitaka, wakarudishiwa ziwa. Ni baridi, usidanganywe na jua. Mtu wa Bahari ya Hindi atapiga kelele akiingia, na ndani ya dakika moja atakuwa anawaita wenzake. Usipotaka kulowa, kodi kayaki uzunguke kisiwa chini ya miti inayoinamia maji.

Na bado hujatoka mjini! Nje yake kuna funguvisiwa la visiwa na miamba ipatayo 30,000. Meli nyeupe za Waxholmsbolaget zinaondoka gati ya Strömkajen, nauli yake ni ya pembeni, na mojawapo, Storskär, ni meli ya mvuke ya mwaka 1908 inayofanya kazi hadi leo. Chagua Vaxholm kama muda ni mfupi. Kwenye visiwa vidogo, abiria anayetaka kupanda huinua kibao kilichopo gatini, nahodha akakiona, akageuza meli. Meli nzima, kwa ajili ya bibi mmoja na kikapu chake! Ardhi yenyewe bado inainuka milimita kadhaa kila mwaka tangu barafu nzito ya kale ilipoyeyuka ikaiondolea mzigo, kwa hiyo miamba mipya inaendelea kuchungulia juu ya maji. Na sheria ya kimila inamruhusu yeyote kutembea msituni, kuchuma matunda pori na kupiga hema usiku mmoja, alimradi asisogelee nyumba za watu wala asiharibu.

Tumbo na roho

Waswidi wana saa yao ya kahawa na kitafunwa, na wanaiheshimu kwa dhati. Agiza mkate mtamu wa iliki. Iliki! Imesagwa isilainike, imejazwa ndani na kunyunyizwa juu, na ukiuma cha kwanza unasikia mahamri ya nyumbani yaliyolowa siagi. Nilirudi kwa cha pili kabla kahawa haijapoa.

Ukichoka na bei za katikati ya mji, panda laini ya buluu hadi Rinkeby. Hapo jamii ya Wasomali imeweka migahawa yake, na utapata wali wa viungo, nyama ya mbuzi, sambusa, na watu watakaokuuliza umetoka wapi. Na kwa Mwislamu anayehangaika na Magharibi ya baada ya saa nne usiku, msikiti mkubwa uko karibu na uwanja wa Medborgarplatsen, kwenye Södermalm. Lilikuwa jengo la kituo cha umeme, kazi ya msanifu Ferdinand Boberg ya mwanzo wa karne ya 20, na tangu mwaka 2000 ni nyumba ya ibada. Ingia utulie, kelele zote za barabarani zinabaki mlangoni.

Kasoro, maana zipo

Bei za chakula zinauma. Kula mlo mkuu mchana, migahawa mingi huwa na chakula cha siku kwa bei nafuu, na usiku uishi kwa mkate na jibini. Noti hazina kazi; maduka mengi hayapokei kabisa, kwa hiyo hakikisha kadi yako inakubali malipo ya nje. Vyoo vya umma mara nyingi ni vya kulipia. Viza ya Schengen iombwe mapema sana. Na msimu ni kila kitu: mambo niliyoyasifu hapa ni ya kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mapema Septemba. Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na anayekwenda wakati huo aende kwa ajili ya theluji, mishumaa madirishani na kuteleza juu ya barafu, si kwa ajili ya kivuko.

Aende nani basi? Familia yenye watoto, kwa sababu kila hatua kuna maji, mnyama au bembea. Mtu wa peke yake, kwa sababu hakuna anayekusumbua. Mpenda historia, mpenda vyombo vya baharini, na yeyote anayeamini kwamba mji mzuri ni ule unaompa mkazi wake wa kawaida mandhari bora zaidi bila kumtoza mara mbili. Asiyefaa ni mtafuta maduka ya bei rahisi na disko za hadi asubuhi. Ukiwa na siku moja tu, asubuhi iwe ya Vasa, mchana laini ya buluu, jioni Långholmen na taulo. Ukiwa na mbili, ya pili yote iwe ya meli ya visiwani. Na muda ukibana hadi ulazimike kuacha kitu, acha mji wa kale, picha zake utaziona popote. Vasa usiiache hata kama mnagombana njiani!